Kuifunga Nyumba kwa Juu

Nyumba yenye paa la sakafu huwa haijamalizika, na waliozijenga nyumba za namna hiyo katika mwambao wetu walilijua hilo vyema. Walisimamisha kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa nusu mita au zaidi, wakapanga boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, wakalaza mawe bapa juu ya boriti, wakamwaga zege la chokaa na kokoto, wakalipigilia mpaka likashikana, kisha wakaishia hapo. Juu pakabaki wazi. Familia ikiongezeka, kazi ilikuwa na pa kuanzia: kuta zilezile zitapandishwa, boriti nyingine zitalazwa, na lililokuwa paa la baba litakuwa sakafu ya mtoto.

Lamu ndiko mtu anakoliona jambo hili waziwazi. Desturi ya wenye nyumba za mawe ilikuwa binti akiolewa apewe makazi yake, na mume ndiye ahamie kwa mke. Baba mwenye kiwanja alijenga ubavuni. Asiye na kiwanja alijenga juu, au alivuka njia kwa wikio, kile chumba kinachokaa juu ya kichochoro kimeegemea kuta za pande mbili huku watu wakipita chini yake. Ukizunguka vichochoro vya Mkomani na kuinua macho, unaweza kuzihesabu harusi za ukoo kwa kutazama orofa.

Sasa kuna kazi nyingine inayofanyika juu ya nyumba hizo, katika Mji Mkongwe wa Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu kwenyewe. Paa la sakafu linafunikwa kwa paa la mgongo, la mabati au la makuti, na chini ya mgongo huo vinatengwa vyumba viwili vitatu vya kulala. Ni kazi ya kawaida kiasi kwamba hakuna anayeisimulia. Mimi nimekuwa nikiifikiria tangu watoto wa shangazi yangu walipoamua kuifanya nyumbani kwao, Mkunazini katika Mji Mkongwe, na naona ndani yake umo uamuzi mkubwa kuliko uzito tunaoupa. Anayeweka mgongo juu ya nyumba anatamka kwamba nyumba imefika mwisho wake. Juu ya mgongo hajengi mtu.

Tuanze na mvua, maana ndiyo inayolazimisha. Maskati hupata kama milimita 100 za mvua kwa mwaka mzima; mji wa Unguja hupata kama 1,600, na sehemu kubwa ya mvua hiyo humwagika katika masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kwa hesabu hiyo ni rahisi kusema kwamba Waomani walituletea paa la nchi kavu wakaliweka kwenye kisiwa cha mvua. Magofu yanakataa. Gedi na Songo Mnara zilikuwa na nyumba za mawe zenye mapaa ya boriti na chokaa karne kadhaa kabla Seyyid Said hajahamishia makao yake Unguja. Watu wa mwambao walilichagua paa hilo wenyewe, na masika yao walikuwa wakiijua.

Walichokitegemea ni kazi ya mikono. Zege la chokaa likimwagwa tu, maji yatapita. Ilibidi watu wapande juu kwa safu na vigongo vya mbao, walipigilie zege bichi siku baada ya siku, kwa nyimbo zilizowapa mwendo wa pamoja, mpaka vijitundu vyote vikazibika na uso ukawa mgumu na laini. Kisha kila mwaka, kabla masika haijaingia, nyufa zilitafutwa kwa macho na kwa vidole, zikazibwa, na sakafu nzima ikapakwa chokaa upya. Katika Unguja ya karne ya 19, mikono mingi iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya watumwa, na ni lazima lisemwe, kwa sababu mapaa yale meupe tunayoyasifia katika picha za zamani yana deni ndani yake. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 hali ya utumwa ikaondolewa kisheria. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya sakafu kuanza kuvuja. Lakini paa linaloishi kwa jasho la watu wengi kila mwaka, siku jasho hilo linapotakiwa kulipiwa, mwenye nyumba huanza kutafuta njia nyingine.

Njia nyingine ilikuja kwa meli. Bati la mikunjo lilipewa hataza London mwaka 1829, jina la mbunifu likiwa Henry Robinson Palmer, na katika nusu ya pili ya karne hiyo likaanza kupanda juu ya nyumba za Unguja. Mwenye nyumba alihitaji mbao, misumari na mafundi wachache, na sakafu yake ikabaki kavu. Baina ya sakafu na bati ikapatikana nafasi ambayo haikuwa imepangwa na mtu. Kwanza ikawa ya kuwekea vitu, kisha ikawa jiko, kisha vijana wa kiume wakapelekwa kulala huko. Kwa hiyo ule Mji Mkongwe ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 ni mji wa mabati yenye kutu juu ya sakafu za chokaa. Ukipanda mahali pa juu ukautazama, rangi ya kwanza unayokutana nayo ni hiyo ya kutu. Anayetaka mji urudishiwe mapaa yake ya asili inabidi kwanza aseme asili ya mwaka gani.

Nyumba ya shangazi haikupata bati wakati huo. Iliendelea na sakafu yake, na kila ilipovuja, aliyekuwapo aliongeza tabaka. Chokaa juu ya chokaa, baadaye saruji juu ya chokaa, baadaye lami. Fundi alipochimba shimo dogo kwenye kona ya kusini kupima, tulikaa tukilitazama kama watu wanaosoma barua: rangi ya kijivu, nyeusi, kijivu tena, halafu nyeupe yenye vipande vya matumbawe na chembe za mkaa wa tanuri la chokaa. Kila mmoja wa wazee wale alikuwa na nia njema. Na kila tabaka la kuzuia maji liliongeza mzigo juu ya boriti zilezile.

Kisha fundi akashuka chumba cha chini, akapanda ngazi, akaichoma boriti moja kwa bisibisi. Katikati ya chumba bisibisi iligonga na kurudi. Mti wa mkoko uliokaa hapo zaidi ya miaka mia ulikuwa mgumu vilevile. Akasogea hadi pale boriti inapoingia ukutani, akachoma tena. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini bila kutoa sauti. Alipoichomoa ulidondoka unga wa kahawia, wenye unyevu, uliokuwa na harufu ya udongo wa ufukweni maji yakitoka.

“Bi Mkubwa, njoo uone,” alimwita shangazi. “Huku katikati ni chuma. Huku mwisho ni unga.”

“Tangu lini, mwanangu?”

“Tangu mimi sijazaliwa, Bi Mkubwa. Maji hayadondoki hapa. Yanateremka ndani ya ukuta, yanakaa kwenye ncha, na nyinyi mnaona ukuta umepauka tu.”

Maelezo yale yalinifundisha kuiogopa nyumba inayovuja kwa siri kuliko inayodondosha matone kwenye beseni. Boriti huvuka upana wa kama mita 3 tu, au chini yake. Mkoko hautoi mti ulionyooka mrefu zaidi ya hapo wenye nguvu ya kubeba zege. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain ni vyembamba vilevile, maana boriti zao zilitoka Lamu na Rufiji, zikapelekwa na majahazi kwa pepo za kusi. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri na jahazi la Wakuwaiti mwaka 1938 na 1939 na kufika nalo delta ya Rufiji, wakapakie boriti hizohizo. Mti mmoja wa matopeni uliamua watu wa nchi mbili zilizotengana mbali walale katika chumba cha upana gani. Na mti huo, katika urefu wake wote, sehemu inayobeba kila kitu ni ile isiyoonekana, ncha mbili zilizozikwa ukutani.

Sasa nije kwenye uzito, kwa sababu hapo ndipo tamaa ya vyumba inapokutana na ukweli wa kuta. Chukua chumba kimoja cha mita 3 kwa 6. Sakafu ya chokaa yenye unene wa sentimita 25 juu ya chumba hicho ina uzito unaozidi tani 7. Mabati ya eneo hilohilo, bila mbao zake, hayafiki kilo 100. Mtu akisikia hivyo huona kwamba paa la mgongo ni jepesi, basi ajenge apendavyo. Lakini mgongo peke yake hauna chumba. Chumba kinataka kuta, na ukuta wa tofali za saruji wa urefu wa mita 3, kimo cha mita 2 na nusu na unene wa sentimita 15 una tani 2 na ushee. Vyumba viwili vyenye ukuta wa kuvitenganisha na kuta za pembeni vinaweza kuongeza tani nyingi mno, na nyingi kati ya hizo zikaangukia katikati ya boriti ambazo ncha zake ni unga.

Tumeshaona nyumba za mawe zinavyoanguka. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka mchana watu wakiwa kazini, na wawili wakapoteza maisha. Jumba lile lina historia yake na sababu zake, na silifananishi na nyumba ya familia ya Mkunazini. Ila tangu siku ile sijaweza kumsikia mtu akisema ukuta wa mawe hauna neno nikanyamaza.

Fundi wa nyumba ya shangazi alikuja na pendekezo ambalo naliona la busara kuliko yote niliyoyasikia. Kwanza yatolewe yale matabaka yaliyoongezwa na wazee, taratibu, kwa tindo na nyundo ndogo, mpaka ifikiwe sakafu ya asili. Sentimita 10 tu zikiondolewa juu ya chumba kimoja, nyumba inapumua kwa kiasi cha tani 3. Pili, boriti zilizooza ncha zibadilishwe moja moja, chumba kikiwa kimeegemezwa kwa magogo, na ukuta unaozipokea ujengwe upya kwa chokaa. Tatu, vyumba vya juu visiwe vya tofali. Viwe vya fremu ya mbao na bodi, vyepesi, na kila ukuta wake ukae juu ya ukuta wa mawe ulio chini yake, usithubutu kukaa juu ya chumba. Ndipo kenchi zipande, papi zipigwe, bati lilazwe. Kwa njia hiyo nyumba yenye vyumba viwili zaidi itakuwa na uzito usiozidi ule iliyokuwa nao jana.

Kuhusu saruji fundi alikuwa mkali, na mimi niko naye. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa; mchana wa jua unaukausha. Ukiupiga plasta ya saruji umeufunga mdomo. Chumvi na unyevu vinabaki ndani, na plasta inayoonekana imara inabanduka baada ya misimu michache pamoja na ngozi ya ukuta. Vijana wanapenda saruji kwa sababu inakauka haraka na inapatikana dukani kwa mifuko. Chokaa nzuri inataka kulowekwa na kusubiriwa, na mafundi wanaoijua wanazidi kupungua. Lakini kwa nyumba hizi hakuna badala yake.

Halafu kuna swali la mwinuko, ambalo wengi hulijibu kwa macho badala ya kipimo. Nyumba yenye upana wa mita 6, ukiipa paa la nyuzi 15, mgongo utakuwa sentimita 80 tu juu ya ukuta. Paka atapita, mtu hapiti. Ukiipa nyuzi 30 utapata mita 1 na sentimita 70 katikati, na mtu mrefu atainama hata hapo. Kwa nyuzi 45 utapata mita 3 kamili, na hapo ndipo chumba cha kweli kinapoanza bila kuinua kuta. Makuti yenyewe yanataka mwinuko mkali karibu na huo ili maji yashuke upesi, la sivyo yanaoza. Ndiyo maana mapaa ya makuti ya Lamu yana mabega ya kushuka sana, na chini yake panakalika vizuri, pana upepo na kivuli baridi. Makuti hata hivyo yanawaka, na katika mji ambao nyumba zimegusana moto hauulizi mpaka. Unguja wanachagua bati. Bati linaridhika na mwinuko mdogo, kwa hiyo mtu anayetaka vyumba chini yake hupandisha kuta za pembeni mita moja au zaidi kisha anaweka mgongo wa wastani, na umbo la nyumba kwa nje linabadilika.

Umbo hilo si la mwenye nyumba peke yake. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, inataka kuona michoro kabla ya kuguswa kitu, na mpango wa hifadhi wa mwaka 1994 ulitanguliwa na ukaguzi wa majengo takriban 1,700, moja baada ya jingine. Watoto wa shangazi walinung'unika walipoambiwa wapunguze kimo. Nami nilikuwa na hasira pamoja nao, mpaka niliposimama katika dirisha la jirani wa nyuma, nikaona kwamba kile kimo walichokitaka kingemzibia upepo wa kusi kuanzia mwezi wa Aprili. Jirani huyo ana mgonjwa kitandani. Tena kuna maji: paa la sakafu lenye ukingo liliyakusanya maji yake na kuyatoa kwa mfereji mahali palipokusudiwa, wakati mwingine hadi kwenye birika la nyumba. Paa la mgongo linayamwaga kwa urefu wake wote, na kichochoro cha hatua tatu hakina pa kuyapeleka. Gata ya upande wa jirani si pambo. Ni haki yake.

Joto nalo linahama. Sakafu nene hulinyonya jua la mchana polepole na kulirudisha usiku, ndiyo sababu zamani watu walipanda kulala juu ya sakafu wakati wa kaskazi, chumba cha chini kikiwa bado kinatoa moto. Bati linafanya kazi mara moja: saa sita mchana ni tanuri, na jua likizama linapoa kabla ya isha. Anayelala chini yake anahitaji dari yenye nafasi ya hewa juu yake, matundu kwenye pembetatu mbili za mwisho wa mgongo ili hewa ya moto itoke, na dirisha kila upande wa pepo zetu mbili. Vyumba vingi vya namna hii nilivyoviingia havina hata kimoja cha hivyo. Mtoto analala na jasho, feni inazunguka usiku kucha, na watu wanasema nyumba za zamani zilikuwa na baridi, wakati nyumba ya zamani iko palepale chini ya miguu yao.

Kinachoondoka kwa hakika ni anga. Juu ya sakafu wanawake wa nyumba hizi walikuwa na uwanja wao, mahali pa kuanika nguo na embe za achari, pa kusukana nywele, pa kuongea na jirani wa ng'ambo bila kushuka njiani wala kujitanda buibui. Watoto wa kiume walirushia tiara huko. Mwezi wa Ramadhani ulitafutwa huko, na bibi mwenye macho makali kuliko redio alikuwa mtu mkubwa kwa usiku mmoja. Sayyida Salme binti Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 kwamba nyumba yake na ile ya mfanyabiashara Heinrich Ruete zilikuwa jirani, na kwamba paa bapa la yule bwana lilikuwa chini kidogo ya lake. Kwa mapaa hayo mawili walijuana, na Agosti 1866 binti wa sultani akaihama Unguja kwa siri. Sijui mji wa migongo ya mabati ungempa nafasi gani ya kumwona.

Kwa hiyo ninapouliza kama shangazi avikatae vyumba, najua ninauliza kuhusu kitu chenye thamani. Na bado mimi niko upande wa vyumba.

Mjukuu wake wa kwanza ana mke na mtoto mchanga, wamepanga Fuoni. Kila siku anasafiri kuja mjini kazini, na bibi yake anamwona siku ya Ijumaa. Mdogo wake anataka kuoa. Nyumba ya Mkunazini ina vyumba vinne vinavyokalika na watu tisa. Nyumba za mawe zilizokosa nafasi ya vijana zimekuwa zikiondoka mikononi mwa watu wake kimya kimya: wazee wanabaki wawili, kisha mmoja, kisha warithi walioko mbali wanakubaliana bei, na mwaka unaofuata mlango uleule wa nakshi una kibao cha hoteli. Sakafu ya juu huko inahifadhiwa vizuri sana. Wageni wanakunywa chai juu yake jua likizama. Sina ugomvi nao, ila sitaki nyumba ya shangazi ihifadhiwe kwa njia hiyo. Ikiwa mgongo wa bati utamrudisha kijana na mkewe nyumbani kwao, basi nyumba imeendelea kufanya kazi iliyojengewa, hata kama imefungwa kwa juu.

Tena, tabia ya kuacha juu wazi haijafa. Ukipita Mwanakwerekwe, Mbezi au Bamburi utaona nyumba za slabu zenye nondo zinazochungulia juu ya nguzo, zikisubiri orofa ambayo mwenyewe anaijengea akiba. Ni nia ileile ya wazee wa mwambao. Tofauti ni kwamba nondo zinashika kutu, maji yanafuata nondo hadi ndani ya nguzo, na slabu isiyofunikwa wala kupewa mteremko inaanza kuloweka dari ya sebuleni kabla pesa ya orofa haijapatikana. Wengi wao nao huishia kuweka kenchi na bati, na wenye bahati hupata vyumba humo.

Nilichomwomba shangazi ni kitu kimoja: wasiifunike sakafu yote. Theluthi ya upande wa mashariki, iliyo juu ya ukuta mzuri kuliko zote, ibaki wazi na ukingo wake, ipigwe chokaa na ipewe mteremko wa kutosha. Wajukuu wa kike waliunga mkono kabla hajajibu. Fundi alisema inawezekana, ila maungio ya bati na ukingo yafanywe kwa uangalifu, maana hapo ndipo masika itakapopapasa kwanza.

Limebaki suala moja, nalo ndilo zito kuliko boriti. Nyumba ni ya marehemu babu yetu na haijagawanywa. Kisheria kila mrithi ana fungu lake katika kila jiwe, wa kiume mawili na wa kike moja. Kijana akijenga vyumba juu yake kwa pesa zake, siku ya kugawana vyumba hivyo vitakuwa vya nani? Mafakihi wamelijadili zamani suala la haki ya kujenga juu ya jengo la mwingine, na katika miji yetu ya mawe si ajabu orofa moja iwe ya mtu huyu na ya juu yake iwe ya yule. Lakini familia nyingi huanza kwa kuaminiana, huku mbao zinanunuliwa, na suala hilo huja kuulizwa msibani.

Shangazi amekataa kuanza hivyo. Ametaka iandikwe kwanza, mbele ya mashahidi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyasema maneno akiandikiwa. Vyumba viwili vya juu ni vya waliovijenga kwa muda wote watakaokaa humo. Wakihama, warithi watawarudishia thamani ya mbao na mabati kwa bei ya siku hiyo. Matengenezo ya boriti na sakafu ni juu ya nyumba nzima, kila mtu kwa fungu lake. Kipande cha sakafu kilichobaki wazi, pamoja na kamba za nguo na tangi la maji, ni cha wote na hakijengwi na yeyote. Warithi watatu wametia saini. Wa nne yuko Dubai, na fundi ameambiwa asinunue hata ubao mmoja mpaka saini yake ifike.